Kiini Hakizeeki: Nusumaisha kwa Wanafunzi wa Kidato cha Nne

"Mwalimu, kama nusu ya kaboni-14 inageuka kwa miaka 5,730, mbona nusu iliyobaki haiishi katika miaka 5,730 inayofuata?" Swali hili hutokea karibu kila tunapofikia mada ya unururifu, yaani viini vya atomi kugeuka vyenyewe na kutoa mionzi, na mara nyingi wenzake humcheka anayeliuliza. Mimi simcheki, kwa kuwa ameitafakari mada hii kuliko yule aliyekariri fomula na kunyamaza nayo. Hoja yake ina msingi: kazi iliyofika nusu kwa muda fulani, tukiiendea kwa kasi ile ile, humalizika kwa muda mwingine kama huo. Kinachomkosesha ni dhana moja tu, ambayo hakuna aliyemwambia aiache, kwamba kiini cha atomi huchakaa kadiri miaka inavyopita.

Kiini cha atomi hakizeeki. Kiini cha kaboni-14 kilichoundwa angani jana na kingine kilichokaa ndani ya kipande cha mkaa tangu karne ya nane havina tofauti yoyote, na uwezekano wa kugeuka mwaka huu ni sawa kwa vyote viwili. Makala haya yanafafanua sentensi hiyo moja, na nimeyaandika nikiwafikiria wanafunzi wa huku kwetu, Malindi na Lamu, ambao wamezungukwa na kuta za matumbawe, boriti na chokaa zinazoweza kusomwa kwa hesabu hizi hizi. Mtihani utakuja kwa Kiingereza, najua. Lakini hesabu na hoja hazibadiliki.

Tuanze na atomi ya kaboni, kwa kuwa imo katika mkaa, katika boriti za mikoko na katika mawe ya nyumba zetu. Katikati yake mna kiini chenye protoni 6, na nje ya kiini kuna elektroni 6. Idadi ya protoni ndiyo inayoipa elementi jina na nafasi yake: protoni 6 ni kaboni, 7 ni nitrojini, 92 ni urani, na hakuna mjadala zaidi ya hapo. Pamoja na protoni, kiini hubeba nyutroni, ambazo hazina chaji. Kaboni nyingi duniani ina nyutroni 6, kwa hivyo namba yake ya masi ni 12. Takriban asilimia moja ina nyutroni 7. Na sehemu ndogo mno, kiasi cha atomi moja kati ya trilioni moja, ina nyutroni 8. Hizi tatu ni isotopu za elementi moja. Zote huungua sawasawa jikoni na zote huingia katika miili yetu kwa njia ile ile, kwa sababu mambo ya kemia huamuliwa na elektroni, na elektroni zao ni sita kwa sita.

Ukubwa wa vitu hivi unahitaji kutajwa kwa tarakimu, maana michoro ya vitabuni hudanganya. Kipenyo cha atomi ni kama sehemu moja ya bilioni 10 ya mita, na kiini ni kidogo kuliko hapo kwa makumi ya maelfu ya mara. Hata hivyo karibu uzito wote wa atomi umo ndani ya kiini. Tunalijua jambo hili kutokana na jaribio lililofanywa Manchester, Uingereza, mwaka 1909, ambapo Hans Geiger na Ernest Marsden, wakiongozwa na Ernest Rutherford, walirusha chembe za alfa, vipande vidogo vya kiini vyenye chaji chanya, kwenye utando mwembamba wa dhahabu. Karibu chembe zote zilipita kana kwamba hakukuwa na kitu. Chache sana, moja kati ya maelfu, zilirudi zilikotoka. Mwaka 1911 Rutherford alitoa maelezo kwamba chaji yote chanya ya atomi, na karibu uzito wake wote, imekusanyika mahali padogo sana katikati. Nyutroni ilichelewa kugunduliwa. James Chadwick aliithibitisha mwaka 1932. Nawasihi wanafunzi walielewe jaribio la dhahabu kwa mpangilio wa hoja zake, yaani nini kilitarajiwa, nini kilionekana, na kwa nini kilichoonekana hakikuweza kuelezwa vinginevyo, kwa kuwa wengi huandika matokeo peke yake na kupoteza alama za hoja.

Sasa fikiria shida iliyomo ndani ya kiini hicho. Protoni zote zina chaji chanya, na chaji zinazofanana husukumana. Zikiwa zimebanana kiasi hicho, msukumo wake ni mkubwa ajabu. Kinachozishika ni kani nyingine, kani kali ya nyuklia, ambayo huvuta protoni na nyutroni bila kujali chaji, lakini hufanya kazi katika masafa mafupi tu, ya majirani waliogusana. Nyutroni husaidia kwa sababu huleta mvuto bila kuleta msukumo. Ndiyo maana kiini kikubwa huhitaji nyutroni nyingi kuliko protoni ili kitulie, na kikizidi ukubwa fulani hata nyutroni hazitoshi: baada ya risasi, elementi ya 82, hakuna elementi yenye isotopu iliyotulia kabisa. Nyutroni zikizidi kipimo, kiini pia hakitulii, na hiyo ndiyo hali ya kaboni-14. Kiini kisichotulia hugeuka chenyewe kuwa kitu kingine na kutoa mionzi. Huo ndio unururifu, na hautokani na moto, wala tindikali, wala shinikizo la kawaida. Ukiuchoma mkaa wenye kaboni-14, atomi zile zitaungana na oksijeni na kupaa kama gesi, na viini vyake havitakuwa vimeguswa hata kidogo.

Aina tatu za mionzi nitazipitia haraka, kwa kuwa kila kitabu kinazo. Henri Becquerel aligundua mwaka 1896, jijini Paris, kwamba chumvi za urani huacha alama kwenye bamba la picha lililofunikwa lisipate mwanga. Miaka miwili baadaye Marie na Pierre Curie walitangaza elementi mbili mpya, poloni na radiamu, na mwaka 1903 watatu hao waligawana Tuzo ya Nobel ya fizikia. Mnururisho wa alfa ni kipande cha kiini chenye protoni 2 na nyutroni 2: urani-238 ikikitoa hubaki thori-234, kwani 92 ukitoa 2 ni 90, na 238 ukitoa 4 ni 234. Karatasi hutosha kukizuia. Katika mnururisho wa beta, nyutroni moja hugeuka protoni na elektroni hurushwa nje. Kaboni-14 hupata protoni ya saba na kuwa nitrojini-14, namba ya masi ikibaki pale pale. Elektroni hiyo haikuwa imehifadhiwa ndani ya kiini wala haikutoka kwenye zile sita za nje. Ilizaliwa wakati ule ule wa kugeuka. Hapa ndipo makosa mengi hutokea. Milimita chache za aluminiamu huizuia. Gama haina chaji wala uzito. Ni nishati tupu inayotoka kiini kinapotulia baada ya mageuko, haibadilishi namba yoyote katika mlinganyo, na kuipunguza kunahitaji risasi nene au saruji nyingi.

Kuhusu gama, bahari ya Malindi ina sehemu yake katika historia. Kutoka jukwaa la San Marco, lililosimamishwa baharini karibu na Ngomeni, ilirushwa setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, nayo ikachora ramani ya anga kwa eksirei. Novemba 1972 ikafuata SAS-2, iliyotazama anga kwa miale ya gama. Eksirei na gama ni ndugu wa karibu. Katika mtihani wenu tofauti inayotakiwa ni ya chanzo, kwamba eksirei hutokana na elektroni na gama hutoka kwenye kiini. Huko angani kuna vyanzo vingine pia, lakini tusiyafungue hayo sasa.

Turudi kwenye nusumaisha, yaani muda ambao nusu ya viini vilivyopo hugeuka. Tafuta kete za pwani, zile zilizokuwa nyumbani tangu zamani, kwani hifadhi ya bahari hairuhusu makombe kuokotwa. Kete ina mgongo wa mviringo na mdomo wenye meno, na ukiirusha juu ya mkeka itaangukia ama mdomo juu ama mdomo chini. Sarafu ingefaa pia, lakini naipendelea kete kwa sababu moja: haitoi nusu kwa nusu. Umbo lake haliko sawa pande zote, kwa hivyo upande mmoja hujitokeza zaidi ya mwingine, na kiwango hicho huwezi kukijua kwa kukisia. Sharti urushe mara nyingi na kuhesabu. Viini navyo ndivyo vilivyo. Kila isotopu ina uwezekano wake, na hakuna aliyeupata kwa kukaa na kuwaza, umepimwa.

Tuseme umepima na kukuta kwamba kete moja kati ya tatu huangukia mdomo juu. Chukua kete 200, zirushe zote, na kila iliyoangukia mdomo juu iondoe, hiyo imegeuka. Zilizobaki zikusanye, zirushe tena, uondoe tena. Kwa wastani utabaki na 133 baada ya mrusho wa kwanza, 89 baada ya wa pili, kisha 59, 40, 26 na 18. Chora grafu, idadi iliyobaki ikiwa kwenye mhimili wa wima na namba ya mrusho kwenye mhimili wa mlalo, kisha upitishe mkunjo laini kwenye nukta zako. Utaona kwamba mkunjo unashuka hadi 100 karibu na mrusho wa 1.7, unashuka hadi 50 karibu na mrusho wa 3.4, na unafika 25 karibu na mrusho wa 5.1. Umbali kutoka 200 hadi 100, kutoka 100 hadi 50, na kutoka 50 hadi 25 ni ule ule, 1.7. Hiyo ndiyo nusumaisha ya kete zako, na hakuna kete hata moja iliyopangiwa muda huo.

Ichukue mkononi kete iliyonusurika mirusho mitano na uiangalie. Haijachoka, na haina deni la kulipa. Katika mrusho wa sita nafasi yake ya kuangukia mdomo juu ni theluthi moja, kama ilivyokuwa katika wa kwanza. Kilichopungua ni idadi ya kete zilizopo kwenye mkeka, na kwa kuwa zinazoondoka kila mara ni theluthi ya zilizopo, nazo hupungua kadiri zilizopo zinavyopungua. Nusu ya pili haiishi kwa muda ule ule kwa sababu, tunapoifikia, imekuwa kundi jipya zima linaloanza kuhesabiwa upya. Nusumaisha ni sifa ya umati. Kiini kimoja kina uwezekano tu.

Angalia pia kitu kingine ambacho wanafunzi hukipuuza. Kete zikiwa nyingi, hesabu yako itakaribiana na ya mwenzako. Zikibaki sita au saba, mmoja ataondoa nne na mwingine hataondoa hata moja, na grafu zenu hazitafanana tena. Kwa jumla, ukihesabu matukio 100 ya namna hii, tarajia kupotoka kwa takriban 10 juu au chini; ukihesabu 10,000, kupotoka kutakuwa kama 100, yaani asilimia moja tu. Bahati nasibu hutoa sheria thabiti pale inapohusisha wengi. Atomi ni wengi kupita kiasi: gramu moja ya kaboni itokayo kwenye mti ulio hai ina atomi karibu bilioni 60 za kaboni-14, na kati ya hizo ni kama 14 tu zinazogeuka kwa dakika. Ukiigeuza hesabu hiyo kwa mwaka mzima utapata kwamba kila kiini cha kaboni-14 kina nafasi moja kati ya takriban 8,300 ya kugeuka ndani ya mwaka mmoja. Nafasi hiyo ilikuwa hivyo zama za Gede, magofu yaliyo karibu na Malindi, ikiwa mji wenye watu, na ipo hivyo leo.

Waliolitambua jambo hili kwanza ni Rutherford na Frederick Soddy, wakifanya kazi Montreal, Kanada, ambao mwaka 1902 walieleza kwamba unururifu ni kugeuka kwa elementi moja kuwa nyingine. Gesi itokayo kwenye thori, ambayo leo tunaijua kuwa radoni-220, ilikuwa ikipoteza nusu ya nguvu zake kila baada ya kama dakika moja, na nusu ya nusu katika dakika iliyofuata. Kwa nini kiini fulani kigeuke sasa na jirani yake asubiri, hakuna aliyekuwa na maelezo hadi mwaka 1928, George Gamow alipotumia fizikia ya kwanta kuonyesha kwamba chembe ya alfa iliyomo ndani ya kiini ina uwezekano mdogo wa kujipenyeza nje ya kizuizi ambacho kwa kawaida haingeweza kukivuka. Uwezekano huo haubadiliki kwa kusubiri. Hakuna saa iliyofichwa ndani ya kiini, na mimi naona hili ndilo jambo zito kuliko yote katika mada hii, ingawa silabasi inalipitia juu juu.

Ukilielewa hilo, utaepuka kosa jingine lililoenea hata mitaani, hasa tangu mjadala wa kinu cha nyuklia kilichopendekezwa Uyombo, katika kaunti yetu ya Kilifi, uanze. Watu husikia kwamba kitu fulani kina nusumaisha ya mabilioni ya miaka na kuamua kwamba basi hicho ndicho kikali kuliko vyote. Hesabu inasema kinyume: nusumaisha ndefu maana yake uwezekano mdogo, na uwezekano mdogo maana yake viini vichache vinavyogeuka kwa sekunde. Gramu moja ya urani-238, yenye nusumaisha ya miaka bilioni 4.47, ina mageuko kama 12,400 kwa sekunde. Gramu moja ya ayodini-131, yenye nusumaisha ya siku 8, ina zaidi ya bilioni milioni 4. Ya pili ni kali mno, lakini baada ya miezi michache karibu yote imekwisha. Ya kwanza ni dhaifu, lakini itakuwapo. Taka za kinu huwa na vitu vya namna zote, na vile vya katikati, vyenye nusumaisha ya makumi ya miaka, ndivyo vinavyosumbua vizazi vinavyofuata. Kama unataka kuunga mkono kinu au kukipinga, una haki zote. Ninachoomba ni kwamba hoja yako isimame juu ya hesabu sahihi. Wala usisahau kwamba mwili wako wenyewe ni nururifu kidogo. Potasiamu iliyomo katika ndizi, katika maji ya dafu na katika misuli ya binadamu ina sehemu ndogo ya potasiamu-40, na ndani ya mtu mzima viini takriban 4,000 vya isotopu hiyo hugeuka kila sekunde. Mtu aliyepigwa picha ya eksirei hospitalini, kwa upande mwingine, hatoki akiwa nururifu. Mionzi imempitia, haikubaki ndani yake.

Kipimo cha umri kwa kaboni-14 kilibuniwa na Willard Libby na wenzake mwaka 1949, na kilimpa Nobel ya kemia mwaka 1960. Nyutroni zinazozalishwa na miale ya anga za juu hugonga nitrojini-14 na kuigeuza kaboni-14, ambayo huingia katika hewa, ikanyonywa na mimea, ikaliwa na wanyama. Kiumbe kikiwa hai, kinachogeuka hufidiwa na kinacholiwa. Kikifa, fidia hukoma. Kwa njia hii, pamoja na vigae na vitu vingine, magofu ya Shanga kisiwani Pate, ambako Mark Horton alianza kuchimba mwaka 1980, yamepata tarehe zake: chini ya msikiti wa mawe yalikuwapo mabaki ya misikiti midogo ya miti, mmoja juu ya mwingine, ya kale zaidi ikirudi hadi karne ya nane. Miti yenyewe ilikuwa imekwisha oza, lakini mkaa hauozi upesi, na mkaa ni kaboni. Gede kuna bahati nyingine: kaburi moja limechongwa tarehe inayolingana na mwaka 1399, na hapo huhitaji kuhesabu kiini chochote.

Chokaa ni kisa cha pekee. Mafundi wa Lamu na Malindi walichoma matumbawe ili kupata chokaa ya kujengea, na moto huifukuza gesi ya kaboni iliyokuwamo. Chokaa ikishachanganywa na maji na kupakwa ukutani, hukauka kwa kunyonya gesi hiyo hiyo upya kutoka hewani, hewa ya siku ya ujenzi, pamoja na kaboni-14 yake. Ukuta umejiandikia tarehe bila fundi kujua. Lakini kama ndani ya chokaa mlisalia vipande vya matumbawe ambavyo moto haukuvifikia vizuri, hivyo huleta kaboni ya zamani, na ukuta utaonekana mzee kuliko ulivyo. Makombe ya bahari yana hila inayokaribiana na hiyo. Maji ya juu ya bahari huchanganyika na maji ya kina ambayo hayajakutana na hewa kwa karne nyingi na yenye kaboni-14 pungufu, kwa hivyo kombe lililokufa leo, likipimwa bila kusahihishwa, huonekana lina umri wa kama miaka 400. Matumbawe ya pwani ya Kenya yamepimwa ili kujua kiasi cha kusahihisha, nayo, kama matumbawe ya kwingineko duniani, hubeba pia alama ya majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, ambayo yaliongeza kaboni-14 hewani hadi karibu maradufu katika kizio cha kaskazini.

Kuna mawe ambayo kaboni-14 haiyawezi kabisa. Majabali ya matumbawe ya kale yaliyo nchi kavu, ambamo mawe mengi ya kuta zetu yalichimbwa, wanajiolojia huyahesabu kwa kiasi kikubwa kuwa ya kipindi cha takriban miaka 125,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko sasa. Gawanya 125,000 kwa 5,730 na utapata nusumaisha karibu 22. Kaboni-14 iliyobaki ni chini ya sehemu moja kati ya milioni tatu na nusu ya ile ya mwanzo, na chembe ndogo ya uchafu wa leo inatosha kuizamisha. Kwa mawe kama hayo hutumika urani. Maji ya bahari yana urani iliyoyeyuka, na tumbawe linapojenga mifupa yake huichukua, kiasi cha gramu mbili au tatu kwa kila tani. Thori haiyeyuki majini, kwa hivyo tumbawe changa huwa halina karibu thori yoyote. Urani-234, yenye nusumaisha ya takriban miaka 245,000, hugeuka thori-230, na hii nayo hugeuka kwa nusumaisha ya kama miaka 75,000. Thori yote utakayoikuta ndani ya jiwe imezaliwa humo humo. Pima uwiano wa mzazi na mtoto na utaweza kurudi nyuma hadi karibu miaka 500,000. Hesabu yake ni ndefu kuliko ya kaboni, kwa sababu mtoto naye anageuka huku akizaliwa, lakini hakuna wazo jipya ndani yake. Kila kiini kinarushwa kama kete, kila mwaka, kwa uwezekano ule ule.

Fomula ya kufanyia kazi ni moja: kilichobaki kugawanywa kwa cha mwanzo ni nusu iliyopandishwa kwa kipeo cha idadi ya nusumaisha zilizopita, na idadi hiyo si lazima iwe namba kamili. Tuseme mkaa kutoka jiko la kale una mageuko 12.3 kwa dakika kwa kila gramu ya kaboni, na mti ulio hai una 13.6. Gawanya 13.6 kwa 12.3, tafuta logi ya jibu, igawanye kwa logi ya 2, uzidishe kwa 5,730: utapata takriban miaka 830. Sasa jaribu mwenyewe: kando ya mkaa huo, katika tabaka lile lile la jivu, limelala kombe la chaza aliyeliwa jioni ile ile jiko lilipowashwa. Kabla ya kusahihishwa, kombe hilo litaonyesha miaka mingapi, na mageuko mangapi kwa dakika kwa kila gramu ya kaboni?